USALAMA SHAMBANI: TRAKTERI KUBWA NA VYOMBO VYA ZAMANI



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi na mikanda inayobeba mawe. Leo tunatoka nje ya mlango wa kiwanda na kwenda mashambani. Wengi wetu wana shamba la mahindi nje ya mji, na wakati mwingine wafanyakazi wachache wanatia feza pamoja ili wanunue trakteri ndogo. Shamba likipanuka, trakteri ya kwanza inashindwa, na watu wanatafuta nyingine yenye nguvu zaidi. Hapo ndipo hatari inapoingia bila kubisha mlango.

Tuseme kundi la wafanyakazi watano walikuwa na trakteri ya nguvu za farasi 25, yenye uzito wa kilo 1 000 hivi. Sasa wanapata ya farasi 45, kilo 1 600. Feza zimekwisha. Basi wanasema: vyombo tunavyo, jembe la sahani, mashini ya kukata majani, mashini ya kupukucha mahindi; tufunge tu, twende. Wanafunga. Tundu ni kubwa kuliko pini, wanatia kipande cha chuma cha kujengea nyumba. Kardani ni fupi kidogo, wanasema itafaa. Hakuna mtu kati yao ambaye angekubali kazi ya namna hii katika atelie ya kampuni. Lakini siku ya posho, shambani, shefu wa usalama hayuko.

Tuanze na pini. Trakteri inashika chombo kwa mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu. Namna hii ya kushika ilienezwa na Harry Ferguson, fundi wa Ireland, na trakteri yake ndogo TE20 iliyotoka mwaka wa 1946. Mikono hiyo ina vipimo vinavyojulikana. Kwa trakteri ndogo, daraja la 1, pini za chini zina unene wa milimeta 22 na ya juu milimeta 19. Kwa daraja la 2, za chini ni milimeta 28 na ya juu 25, na chombo chenyewe kinashikwa kwa upana zaidi. Trakteri ya farasi 45 inaweza kuwa ya daraja la 1 au la 2, au kukubali yote mawili. Kwa hiyo usiulize muuzaji tu. Beba kipimo chako, upime mwenyewe kabla ya kulipa. Pini ya 22 ndani ya tundu la 28 inacheza milimeta 6, inagonga kila mara chombo kinaporuka, na siku moja inakatika wakati jembe liko juu. Dawa yake ni bomba dogo la chuma linalojaza ile nafasi, la kipimo chake kamili. Feza yake ni kidogo. Chuma cha nyumba si pini.

Sasa tufike kwenye kardani, na hapa tukae, sababu ndiyo inayoua.

Kardani ni kile chuma kinachotoka nyuma ya trakteri na kuzungusha chombo. Kwa kawaida kinazunguka mara 540 kwa dakika. Hesabu: ni mara 9 kwa sekunde. Ukisema neno « moja », kimekwisha kuzunguka mara tisa. Mama amesimama karibu na mashini ya kupukucha, anajaza mahindi, amefunga kikwembe cha yadi mbili. Ncha ya kikwembe inagusa kiungo cha kardani chenye upana wa sentimeta 10. Kiungo hicho kinavuta karibu meta 3 za nguo kwa sekunde. Yadi mbili ni pungufu ya meta 2. Kikwembe chote kimeingia, na mama pamoja nacho, kabla mwendeshaji hajageuza kichwa. Ni vilevile kwa koti la mvua, kwa kamba ya gunia, kwa mkono wa shati uliochanika.

Kiwandani hatuvuki juu ya mkanda unaotembea. Kardani nayo ni mkanda, ila ni mfupi na una mbio zaidi. Iwe na kifuniko chake cha plastiki toka mwanzo hadi mwisho, na vile vinyororo vidogo vifungwe ili kifuniko kisizunguke. Motere ikiwa imesimama, jaribu kukizungusha kwa mkono. Kama kimeshikamana na chuma cha ndani, hicho si kifuniko tena.

Kwa nini trakteri mpya inaleta shida zaidi kuliko ile ya zamani? Sababu urefu umebadilika. Toka nyuma ya trakteri hadi kwenye chombo si sawa na mbele. Kardani ina mabomba mawili, moja linaingia ndani ya lingine. Likiwa fupi mno, unainua chombo, mabomba yanaachana, na nusu ya chuma inapiga huku na huku kama rungu. Likiwa refu mno, linasukuma na kuvunja bearingi za trakteri au sanduku la gia la chombo. Funga chombo, motere imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Kiinue na kukishusha polepole kwa msaada wa mtu mwingine au kwa kamba ya kuinulia, upime penye urefu mkubwa na penye ufupi. Penye ufupi ibaki nafasi ya sentimeta 3 hivi. Penye urefu, mabomba yawe bado yameingiana angalau theluthi moja. Likizidi, fundi akate mabomba yote mawili sawasawa, na kifuniko pia. Kukata chuma na kuacha kifuniko kirefu ni kazi ya nusu.

Tazama tena meno. Kichwa chenye meno 6 ni cha mizunguko 540. Chenye meno 21 ni cha mizunguko 1 000. Watu wanauza vipande vya kuunganisha hiki na kile. Mashini ya kukata majani iliyotengenezwa kwa 540, ukiizungusha kwa 1 000, nguvu inayovuta visu nje inapita mara tatu ile ya kawaida. Kisu kikitoka hakiulizi nani amesimama pale.

Na buloni dhaifu, ile iliyowekwa ikatike kisu kinapopiga kisiki? Kwa trakteri ya farasi 45 itakatika mara nyingi zaidi, sababu motere haichoki upesi. Mtu anachukia, anatia buloni ngumu. Tangu hapo kisiki kinapigana na sanduku la gia. Weka buloni ya namna ileile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Juu ya ukubwa wa chombo kipya, farasi 45 ya motere si farasi 45 ya kardani. Kwenye kardani inafika kama 38. Tena sisi tunaishi juu: Lubumbashi iko kwenye meta 1 200 hivi, Kolwezi inapita meta 1 400. Motere ya mazutu isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila meta 100. Kwa hiyo hesabu 33 hivi. Mashini ya kukata majani inadai farasi 5 kwa kila sentimeta 30 za upana, basi ya meta 1,80 itafaa, na ile ya meta 2,40 ambayo muuzaji anaisifu, uiache. Chombo cha kulima kisiwe chembamba kuliko upana wa magurudumu ya nyuma, sivyo pine inakanyaga udongo uliolimwa.

Kubaki uzito. Chombo kikubwa kikiinuliwa nyuma, mbele panakuwa pepesi. Magurudumu ya mbele yabaki na asilimia 20 ya uzito wa trakteri tupu: kwa kilo 1 600, ni kilo 320. Kama kuna mizani ya kamoni karibu, pandisha magurudumu ya mbele peke yake, chombo kikiwa juu, usome. Zikipungua, ongeza vyuma vya uzito mbele.

Huku kwetu kuna vichuguu virefu kuliko nyumba, na visiki kila mahali. Usipite ubavuni mwa kichuguu na chombo kimeinuliwa. Kisiki usikivute kwa mnyororo uliofungwa kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli. Funga kwenye ndoano ya chini tu. Trakteri inayoinuka kichwa inapinduka nyuma katika muda usiofika sekunde moja na nusu. Hakuna mwendeshaji anayeruka kwa muda huo. Kinachomwokoa ni upinde wa chuma uliosimama nyuma ya kiti, pamoja na mkanda wa kiti. Serikali ya Sweden iliulazimisha upinde huo kwa kila trakteri mpya tangu mwaka wa 1959. Upinde ukiwa umekunjwa au haupo, mkanda usiufunge, maana utakushikilia chini ya chuma.

Watoto watapenda kupanda kwenye trakteri mpya, hasa siku ya kwanza, majirani wakitazama. Kiti ni kimoja. Waende shambani kwa miguu pamoja na mama, na mashini ya kupukucha isiwashwe kabla hujawahesabu wote, wako wapi.