Tafsiri za Kwanza za Vitabu vya Udhanaishi

Wanafunzi na wazazi, yako mafunzo ya falsafa yaitwayo udhanaishi. Yasema kwamba mtu hazaliwi na maana ya maisha yake, bali yampasa aifanye mwenyewe kwa matendo anayoyachagua. Waliosoma Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, wamekwisha kuuonja uchungu wake. Mimi hukusanya tafsiri za kwanza za Kiingereza za vitabu vya namna hiyo.

Ukipata kitabu, usitazame jalada tu. Fungua ukurasa wenye jina, kisha usome nyuma yake: mwaka wa kupigwa chapa na jina la mfasiri. Riwaya ya Albert Camus, L'Étranger, ilitoka Ufaransa mwaka 1942. Stuart Gilbert aliifasiri, ikatoka mwaka 1946, na tafsiri hiyo moja ikaitwa The Outsider huko London, lakini Marekani ikaitwa The Stranger. Je, ni mtu aliyetengwa au ni mgeni? Kwetu mgeni hupewa kiti.

Linalonipendeza zaidi ni jambo la Frantz Fanon. Si wote wamhesabuo kuwa mdhanaishi, ila Jean-Paul Sartre ndiye aliyekiandikia dibaji kitabu chake cha mwaka 1961. Constance Farrington alikifasiri, kikatoka Paris mwaka 1963 kwa jina la The Damned, yaani waliolaaniwa. Mwaka 1965 kikatoka London kwa jina la The Wretched of the Earth, yaani wanyonge wa dunia, na jina hilo ndilo lililoenea. Lakini Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walipokifasiri kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Asiyepata kuijua chapa ya 1963 atadhani wametia chumvi, kumbe jina la Kifaransa lasema vivyo hivyo. Mnyonge aweza kuwa mnyonge kwa ukame tu. Laana ina aliyeitoa. Ninyi msemao Kiiraqw au Kidatoga nyumbani mwaijua shida ya kuhamisha neno.

Ukungu wa Mbulu huleta kuvu kwenye karatasi, nami huvianika vitabu kivulini, si juani. Adui mkubwa si kuvu wala mchwa. Chapa mpya ikifika, ile kuukuu hufungiwa karanga. Basi mzazi wa Dongobesh, Haydom au Katesh mwenye kitabu cha kale sandukuni, hata kama hakina jalada, amtume mtoto akilete nikitazame. Nitakirudisha.