Samaki Wanapokufa Bwawani: Jua Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Huenda unafanya kazi mjini ilhali bwawa lako la ngege na kambare liko nyumbani Isecheno, kando ya Msitu wa Kakamega. Alfajiri moja unapigiwa simu: samaki wanakufa! Usikimbilie dawa. Uliza maswali matatu.

Kwanza, wamekufaje? Wakifa wengi kwa pamoja kabla ya jua kuchomoza, na waliobaki wanatweta juu ya maji, yaelekea oksijeni imepungua. Usiku mimea midogo ya majini huitumia hewa hiyo badala ya kuitoa. Ongeza maji safi, usitie chakula wala mbolea. Lakini wakifa wachache leo na zaidi kesho, shuku ugonjwa.

Pili, wana dalili gani? Nyuzi kama pamba mwilini ni ishara ya kuvu. Vidonda vyekundu, tumbo kuvimba au macho kutokeza huenda ni bakteria. Hata hivyo, virusi pia huleta vidonda, hivyo kutazama tu hakutoshi. Antibiotiki hazitibu virusi, na zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea.

Tatu, nani atapima? Mwite afisa wa uvuvi. Samaki aliyeoza hafai kupimwa. Apelekwe mgonjwa aliye hai katika mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi. Akiwa ndiyo kwanza amekufa, awekwe kwenye barafu bila kugandishwa. Maji nayo yapimwe. Anayelitunza bwawa aandike daftarini kila siku idadi ya waliokufa na jinsi samaki wanavyokula.

Usitupe mizoga wala kumwaga maji ya bwawa mtoni. Maji ya mito ya msitu huu, kama Isiukhu na Yala, huishia Ziwa Victoria. Mwaka 2018 watafiti waliripoti virusi vya tilapia, TiLV, katika ngege wa ziwa hilo upande wa Uganda na Tanzania, ingawa samaki hao hawakuonyesha dalili. Afya ya nje, basi, si hakikisho. Fukia mizoga mbali na maji.

Virusi hivyo havijulikani kumwambukiza binadamu, lakini baadhi ya bakteria wa samaki huingia mwilini kupitia mikwaruzo. Funika kidonda, nawa kwa sabuni, na usile wala kuuza samaki waliokufa bila sababu kujulikana.