SOMO LA UKULIMA: NYASI ZA KIANGAZI NDIZO NGUVU ZA PLAU

Katika nchi za Ulaya, Desemba, Januari na Februari ni miezi ya baridi kali. Joto la udongo lishukapo chini ya digrii 5 au 6 hivi, nyasi za huko huacha kukua. Wenye bustani huzitunza kwa kuziacha zipumzike: hawazikati, wala hawazikanyagi asubuhi zikiwa zimeganda kwa sakitu, maana zikikanyagwa huvunjika. Jua la Machi likirudi, nyasi huamka, na yule aliyezitunza wakati wa usingizi wake ndiye awaye wa kwanza kupata uwanja wa kijani.

Msomaji wa Amagoro huenda akauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi tukaao karibu na Ikweta, tusioijua theluji?" Yatuhusu sana. Kwetu pia nyasi hulala katika miezi ile ile, ila kinachozilaza si baridi, ni ukame. Kutoka Malaba hata Amukura, na kushuka mpaka mji wa Busia, mvua hupungua mwezi wa Desemba, ardhi hukauka, nayo masika hurudi mwezi wa Machi. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Yule wa Ulaya akiharibu nyasi zake, amepoteza pambo la nyumba. Mkulima wa Teso akiziharibu zake, amepoteza nguvu za kulimia. Kwa maana maksai wavutao plau mwezi wa Machi huvuta kwa nguvu za majani waliyokula Januari na Februari.

Nyasi zilizokauka hazijafa

Watu wengi wakiona malisho yamegeuka rangi ya manjano hudhani kwamba yamekufa, na kwamba hakuna ubaya kuyafanyia lolote. Sivyo. Uhai wa nyasi umeshuka chini, katika mashina yaliyo karibu na udongo na katika mizizi. Humo ndimo nyasi huweka akiba, kama mtu awekavyo wimbi na mtama ghalani.

Mvua ya kwanza inyeshapo, chipukizi huwa bado halina majani ya kutosha kupokea nuru ya jua na kujitengenezea chakula. Kwa hiyo hulishwa na akiba ile. Basi nyasi zikiliwa hata udongoni, au zikichomwa moto kisha machipukizi yake yakaliwa, mmea hulazimika kufungua ghala tena na tena, mpaka ghala liwe tupu. Ndipo nyasi nzuri hufa, na mahali pake huota magugu yasiyopendwa na ng'ombe, au hubaki udongo mtupu ambao mvua kubwa ya kwanza itauchukua mpaka mtoni.

Mfano wa ndugu wawili

Tuseme wapo ndugu wawili, wana wa baba mmoja, waliorithi mashamba yanayopakana. Kila mmoja ana maksai wawili. Yule mdogo aliwaachilia ng'ombe wake wote juu ya malisho yote tangu Desemba. Januari alichoma moto nyasi zilizosalia, ili apate majani mabichi. Majani yakachipuka kidogo kwa unyevu uliokuwamo ardhini, ng'ombe wakayamaliza kwa siku chache, kisha pakawa hapana kitu.

Yule mkubwa aliyagawa malisho yake sehemu tatu. Moja aliifunga tangu Novemba, hakuna mnyama aliyeingia. Mabua ya mahindi hakuyachoma, aliyaweka chini ya paa.

Mvua iliponyesha Machi, maksai wa mdogo mbavu zao zilihesabika. Walivuta mifuo michache, mmoja akalala chini na nira shingoni. Mdogo akaenda kwa nduguye, akasema, "Kaka, niazime maksai wako nipate kulima japo kipande cha mahindi." Kaka akajibu, "Mdogo wangu, utawapata. Lakini kwanza nimalize langu, maana mvua hainingojei." Majuma mawili yakapita. Mahindi yaliyochelewa kupandwa huota katika udongo ambao mvua za kwanza zimekwisha kuosha sehemu ya rutuba yake, nayo magugu yamekwisha kutangulia. Mtu angeona mavuno ya mdogo angesema masika yamemshinda. Kwa kweli alishindwa mwezi wa Januari, alipokuwa ameshika kijinga cha moto.

Mambo ya kufanya wakati wa kiangazi

1. Gawa malisho. Hata kama shamba ni dogo, ligawe sehemu mbili au tatu kwa ua wa miti au wa miiba. Ng'ombe wamalize sehemu moja ndipo waingie nyingine. Nyasi zikibakia na kimo cha kiganja, yaani kiasi cha sentimita 10, waondoe.

2. Usichome malisho. Moto huleta majani mabichi ya siku chache kwa gharama ya akiba ya mwaka mzima. Tena ukiwashwa wakati wa upepo wa Februari, hauchagui kati ya nyasi za malisho, nyasi za kuezekea ulizozifunga tayari, na nyumba ya jirani.

3. Tunza masalio ya shamba. Mabua ya mahindi, mtama na wimbi, pamoja na majani ya njugu karanga, ni chakula cha ng'ombe. Majani ya njugu yana lishe kuliko mabua, basi wawekee maksai. Yakatekate mabua vipande vifupi, uyanyunyizie maji yenye chumvi kidogo, wayale kwa hamu. Yakiota ukungu yatupe. Na mnyama alaye chakula kikavu apewe maji ya kutosha, ama sivyo hatakisaga vema tumboni.

4. Fanya hesabu. Maksai wa kilo 300 hula kiasi cha kilo 7 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 60 hizo ni kilo 450. Tuseme nusu yake ataipata malishoni na katika mabua. Zimebaki kilo 225 ambazo budi uziweke akiba. Nyasi hukatwa Novemba, kabla hazijakomaa mno, zikaanikwa, zikashindiliwa ndani ya sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kimo cha 45. Robota moja likishindiliwa vizuri huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Basi kila maksai anahitaji marobota 12. Aliyekosa kufanya hivyo mwaka huu, na aandike hesabu hii ukutani aione Novemba ijayo.

5. Uwanja wa nyumbani na wa shule. Ukoka wa uwanjani nao una ghala lake. Wakati wa kiangazi usiufyeke mpaka udongo uonekane, wala usiufagie kila siku hata ukang'oa mashina. Uache na kimo cha vidole vitatu au vinne. Uwanja wenye ukoka hauleti vumbi ndani ya nyumba, wala hauchimbwi na maji ya masika.

Kujiweka tayari kwa masika

Kazi ya kwanza ni kuchimba mashimo ya nyasi za nepia, ambazo wengine huziita mabingobingo. Ipo njia iliyokwisha kujulikana sana nchini Kenya, iitwayo Tumbukiza. Chimba mashimo ya duara, kina sentimita 60 na upana sentimita 60. Changanya debe moja la udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, ujaze shimo, ukiacha sentimita 15 juu ili maji ya mvua yapate kutuama. Mvua ikishika, panda vipande 5 hadi 10 katika kila shimo. Kila kipande kiwe na vifundo vitatu. Viwili vifukiwe, kimoja kibaki juu, nacho kilazwe mshazari. Nyasi zikifika kimo cha mita moja, kata, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Shimo lenye samadi hutunza unyevu, na kwa hiyo hutoa majani hata mvua zikipungua.

Hapa pana hadhari kubwa. Mwaka 1997 ugonjwa wa kudumaa kwa nepia uliripotiwa katika Bungoma, jirani zetu, nao umeenea sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya. Majani huwa madogo na ya manjano, machipukizi huwa mengi na mafupi kama kichaka, na mwisho shina hufa. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye utomvu wa majani. Tena huchukuliwa na mkulima mwenyewe, apandapo vipande vyenye ugonjwa. Mara nyingi dalili hazionekani mpaka nyasi zimekatwa mara ya kwanza. Kwa hiyo chagua mbegu katika mashina yaliyokwisha kukatwa mara kadhaa na yakachipua kwa nguvu. Shina lililodumaa ling'oe pamoja na mizizi, ulichome au ulifukie. Hapa mpakani vitu huvuka kwa wepesi, na ugonjwa hauonyeshi hati ya kusafiria. Basi usipokee vipande vya nepia usivyojua vilikotoka. Ukiwa na shaka, mwulize Bwana Shamba wa eneo lako.

Kazi ya pili ni kuweka akiba ya mwisho. Mara nyingi siku zilizo ngumu kwa maksai ni majuma mawili ya kwanza ya mvua, kuliko hata Februari. Nyasi za zamani zimelowa na kuoza, nazo mpya hazijafika kimo cha kushikwa na ulimi wa ng'ombe. Na siku hizo hizo ndizo za kazi nzito. Basi yaache marobota machache kwa ajili ya majuma hayo. Uone nchi imekuwa kijani, usiharakishe kufungua lango. Ngoja nyasi zifike shubiri moja, ndipo uwaingize ng'ombe. Chipukizi likiachwa likajaza ghala lake kwanza, litalipa deni mara nyingi mpaka Agosti.

Maswali ya kujipima

1. Nyasi huweka akiba yake wapi wakati wa kiangazi?
2. Kwa nini majani mabichi yaliyoota baada ya moto si faida?
3. Una maksai wangapi, nao watahitaji marobota mangapi?
4. Utaitambuaje nepia iliyopatwa na ugonjwa wa kudumaa?

Mwenye kusoma haya na awasomee jamaa zake wasiojua kusoma, hasa vijana wachungao, kwa maana wao ndio wakaao na ng'ombe malishoni mchana kutwa, na kiberiti mara nyingi kimo mfukoni mwao.