Kufundisha Somo la Msitu wa Mvua: Mfano wa Usambara Mashariki

Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi somo la misitu hufundishwa kwa wito. Mwalimu huandika ubaoni "Kata mti, panda mti", wanafunzi huitikia kwa sauti moja, na kipindi huisha. Hatuubezi wito huo, kwani una mema yake. Lakini mtoto aliyeukariri hawezi kueleza kwa nini msitu wa nchi za joto ukishakatwa huchelewa mno kurudi, wala kwa nini mche mmoja hauwezi kushika nafasi ya mti mmoja wa msituni. Katika makala haya twakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kulifundisha jambo hili kwa ushahidi. Tumechagua mfano wa milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na tumelipanga somo kwa Darasa la Tano, vipindi viwili.

Madhumuni

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza mahali ilipo rutuba ya msitu wa mvua;
(b) kuonyesha kwa jaribio jinsi majani yaliyoanguka yanavyozuia mmomonyoko wa udongo;
(c) kutaja hatari zinazoikabili misitu hii, na sababu zake.

Maarifa ya mwalimu

Misitu ya mvua ya kitropiki humea karibu na Ikweta, penye joto na mvua nyingi. Iliyo mikubwa zaidi imo katika mabonde ya mito Amazon na Kongo, na katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Msitu wa Usambara Mashariki ni mdogo sana mbele ya hiyo, lakini una aina nyingi za mimea na wanyama zisizopatikana penginepo duniani. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa, na kuangusha mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Mwalimu ayashike mambo matatu.

Kwanza, rutuba. Atazamaye miti mirefu hudhani kwamba udongo ulio chini yake umenona. Katika msitu wa aina hii mara nyingi sivyo. Mvua nyingi ya miaka maelfu imekwisha kuosha virutubisho vya udongo. Majani yaangukapo, joto na unyevu huyaozesha upesi, kuvu na wadudu huyavunjavunja, na mizizi iliyotanda karibu na uso wa ardhi hufyonza virutubisho kabla havijasombwa. Hivyo sehemu kubwa ya mali ya msitu imo katika miti yenyewe. Ushahidi upo: katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka msitu wa Usambara Mashariki wakapanda kahawa, wakitumaini mavuno makubwa. Baada ya miaka michache mavuno yalishuka, na mashamba mengi yakaachwa. Baadaye chai ndiyo iliyofaulu, kwa kuwa yenyewe huupenda udongo wenye asidi.

Pili, maji. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba misitu huleta mvua. Kauli hiyo ni fupi mno. Hapa mvua huletwa hasa na bahari na mlima. Kazi ya msitu ni kuipokea: majani hupunguza kishindo cha matone, takataka za msituni huyanywa maji kama sifongo, nayo hushuka taratibu hadi kwenye chemchemi, na sehemu nyingine hurudi hewani kama mvuke. Mto Zigi, utokao katika milima hiyo, huingia bwawa la Mabayani, ambalo huwapa maji wakazi wa mji wa Tanga. Udongo usombwao mlimani huishia bwawani.

Tatu, si kila mti ni sawa na mwingine. Mapema katika karne ya 20 uliletwa Amani mti uitwao musizi, kutoka pande za Bukoba. Hukua upesi, na hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu. Msitu ulipokatwa, musizi ulijaza mianya na kuwa mwingi kupita miti mingi ya asili. Kwa macho pamekuwa kijani. Lakini msitu wa zamani haukurudi.

Hatari zenyewe zilikuja moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 magogo yalivunwa kwa mitambo, hadi uvunaji huo ulipokomeshwa. Wakulima walilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, wakifyeka miche. Udongo ulipochoka, miti ile ikakatwa na mahindi yakapandwa. Mwaka 1997 ilianzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hektari zaidi ya 8,000. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu waliingia kwenye vijito. Kwingineko sababu hutofautiana: Amazon ni hasa malisho ya ng'ombe, Indonesia ni mashamba ya michikichi. Tena, miti ichomwapo, kaboni iliyokuwa ndani yake huingia hewani na kuongeza joto la dunia.

Vifaa

Vibao au masanduku mawili ya kina kifupi, udongo wa namna moja, majani makavu, makopo mawili yaliyotobolewa matundu sawasawa, chupa mbili za kukingia maji, na mawe ya kuinulia.

Hatua za kufundisha

1. Jaza udongo katika masanduku yote mawili. Moja lifunike kwa majani makavu, la pili liache wazi. Yainue upande mmoja kwa kiasi kimoja.

2. Kabla ya kumwaga maji, waulize wanafunzi: "Ni wapi maji yatatoka machafu zaidi? Kwa nini?" Andika majibu yote ubaoni bila kusahihisha lolote.

3. Wanafunzi wawili wamwage maji ya kiasi kimoja, kwa kimo kimoja. Wengine watazame ni wapi maji yatatangulia kutoka.

4. Weka chupa mbili dirishani. Walinganishe rangi, kiasi, na tope lililotuama; kisha warudie majibu yao ya ubaoni.

5. Katika kipindi cha pili simulia habari ya kahawa ya Usambara, lakini usitoe sababu. Waache waitafute wenyewe kutokana na waliyoyaona.

Tahadhari

Jaribio hili laonyesha faida ya kifuniko cha udongo. Halionyeshi msitu mzima. Mwalimu asidai zaidi ya yaliyoonekana.

Lililo zito zaidi ni hili. Darasani watakuwamo watoto ambao sare zao zimenunuliwa kwa fedha za iliki, na ambao asubuhi hiyo wamechanja kuni. Mwalimu akisema kwamba akataye miti ni adui, amemweka mtoto katikati ya shule na nyumbani. Mtoto asirudi kwao akiwa hakimu wa wazazi wake. Waulize badala yake: familia ilihitaji nini? Ilikuwa na njia gani nyingine? Viungo vyaweza kulimwa wapi bila kufyeka miche ya msituni? Hapo mtoto hufikiri pamoja na wazazi wake, na neno lake husikilizwa.

Upimaji

Kama waona yafaa kujua iwapo somo limefaulu, usimtake mwanafunzi arudie wito. Mpe swali hili: "Mtu amekata msitu ekari moja, akapanda miche ya musizi ekari moja. Je, amerudisha alichokikata? Toa sababu mbili." Atakayejibu kwa maneno yake mwenyewe, akitaja udongo, maji au aina za miti, huyo ameelewa.