Hisa za stima na bonasi ya majani: nani hulipwa kabla yako?

Bonasi ya majani chai ikiingia, Kedowa huwa na wiki mbili za mahesabu. Karo, mbolea, deni la Sacco, mabati ya jikoni. Siku hizi, kati ya wanaosubiri matatu ya kwenda Kericho, utamsikia mtu akiuliza kama zile elfu kumi zilizobaki si afadhali ziingie kwenye hisa za Kenya Power. Sababu yenyewe haijifichi. Hisa iliyokuwa ikiuzwa chini ya shilingi 2 mwaka 2023 ilipita shilingi 10 mwaka 2025. Aliyenunua kimya kimya amezidisha fedha zake zaidi ya mara tano, na jirani aliyemcheka sasa anatafuta namba ya dalali.

Makala haya ni ya huyo jirani.

Kwanza aulize hesabu hiyo ya mara tano imeanzia wapi. Mwishoni mwa mwaka 2010 Kenya Power iliwauzia wenye hisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 19.50 kila moja. Aliyenunua wakati huo na kushikilia aliona mali yake ikiporomoka mpaka chini ya shilingi 2, tena bila gawio kwa miaka kadhaa. Bei ilipopita 10 na watu wakashangilia, yeye alikuwa bado hajarudisha hata mtaji. Kampuni ni ile ile, nguzo ni zile zile. Anayekuonyesha mchoro wa bei kwenye simu mwombe arudi nyuma miaka 15, si miwili.

Kilichoiporomosha bei hiyo ni mzigo wa madeni, na hapo mkulima wa chai ana faida kuliko makarani wengi wa Nairobi, kwa sababu jambo lenyewe analijua kwa mkono. Majani yakiuzwa kwenye mnada wa Mombasa, fedha haziji moja kwa moja Kedowa. Kiwanda hulipa kwanza kuni, wafanyakazi, stima, ada ya usimamizi na mkopo wa mashine. Kinachosalia ndicho bonasi. Mwenye hisa anasimama pale pale bonasi inaposimama, mwisho wa foleni. Mbele yake kuna KenGen na kampuni binafsi zinazozalisha umeme, kuna mabenki, kuna wauzaji wa nyaya na transfoma, kuna kodi. Wote hao wana mikataba. Yeye ana matumaini.

Mikataba mingine ni mizito. Kenya Power huzalisha umeme kidogo sana. Kazi yake ni kuununua kwa jumla na kutuuzia rejareja. Baadhi ya wazalishaji wameandikiwa kwamba watalipwa kwa uwezo wa mitambo yao, iwe umeme umetumika au la. Mradi wa upepo wa Lake Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, hulipwa kwa yuro. Mikopo ya Kenya Power nayo kwa sehemu kubwa ni ya dola na yuro, ilhali mimi na wewe tunanunua tokeni kwa shilingi.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndipo palipo siri ya ile mara tano.

Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2023, Kenya Power ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 3.2. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya zaidi ya bilioni 30. Bei ya stima ilikuwa imepandishwa Aprili 2023, hilo lilisaidia. Lakini jingine kubwa lilitokea nje ya ofisi za kampuni: shilingi, iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, iliimarika hadi karibu 130. Deni la dola likihesabiwa kwa shilingi likapungua lenyewe, bila mtu kulipa hata senti. Penye hasara ya ubadilishaji wa fedha pakaandikwa faida.

Sasa kumbuka chai nayo huuzwa Mombasa kwa dola. Dola ile ile iliyoshuka ikaipa Kenya Power faida ndiyo iliyokata shilingi za mkulima katika kila kilo. Furaha ya mwenye hisa na manung'uniko ya kituo cha kununulia majani vilitoka chungu kimoja. Kwa hiyo mtu wa Kedowa anayeshika hisa za Kenya Power ameweka kamari mbili zinazovutana: shilingi ikianguka, bonasi itampoza na hisa itamuuma. Wapo watakaosema hiyo ni busara, kutoweka mayai yote katika kikapu kimoja. Mimi nasema ni busara ikiwa unajua ndicho unachofanya. Anayedhani amenunua ukuaji wa matumizi ya stima, kumbe amenunua shilingi, siku moja atashtuka.

Basi usome nini kabla ya kutoa fedha? Ripoti ya mwaka iko wazi kwenye tovuti ya kampuni. Ruka picha za wakurugenzi, nenda kwenye ukurasa wa mkaguzi. Kwa kuwa serikali inamiliki asilimia 50.1, mkaguzi ni Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na kwa miaka kadhaa ameandika pale juu ya mashaka kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea kwa miguu yake, kwa sababu madeni yanayodaiwa ndani ya mwaka mmoja yalizidi mali inayoweza kugeuzwa fedha katika mwaka huo. Tafuta namba hizo mbili kwenye mizania. Ni kama kulinganisha kilichomo mfukoni na anachodai mwenye duka Ijumaa hii. Pengo likipungua mwaka baada ya mwaka, kuna jambo linafanyika kweli. Faida ikipanda na pengo likabaki, faida hiyo iko kwenye karatasi.

Kisha tazama umeme unaopotea njiani. Zaidi ya asilimia 20 ya umeme ulionunuliwa imekuwa ikipotea, kwa nyaya chakavu na kwa watu kujiunganishia wenyewe, na msimamizi wa bei, EPRA, hairuhusu hasara yote hiyo kutwikwa mteja. Inayobaki inalipwa na mwenye hisa. Namba hii hainogeshi mazungumzo, lakini naiamini kuliko ya faida, kwani haitegemei dola.

Gawio ni rahisi kukokotoa. Kwa mwaka ulioishia Juni 2024 kampuni ilitoa senti 70 kwa kila hisa, la kwanza tangu 2017. Mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 700. Kodi ya asilimia 5 ikakatwa, 35. Akabaki na 665. Je, ungepata kiasi gani kama fedha hizo hizo zingekaa kwenye Sacco yako? Fanya hesabu hiyo kwa bei utakayonunulia wewe, usitumie bei aliyonunulia jirani.

Kuna hatari nyingine ambayo madalali huitaja haraka haraka. Kampuni ikizidiwa na deni, mdai anaweza kukubali kulipwa kwa hisa. Mwaka 2017 mabenki yaliyoidai Kenya Airways yaligeuza madeni yao kuwa hisa na kuishia na asilimia 38.1 ya kampuni. Mwenye hisa mdogo akabaki na fungu dogo zaidi ndani ya bakuli. Halafu Julai 2020 hisa hizo zikasimamishwa sokoni hadi Januari 2025, huna pa kuuza. KenGen, iliyokuwa kipenzi cha wengi tangu ilipouza hisa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, iliomba fedha tena 2016: hisa mbili mpya kwa kila moja uliyo nayo, kwa shilingi 6.55. Serikali ililipia sehemu yake kwa kugeuza mikopo iliyokuwa imeipa kampuni. Ambaye hakuwa na fedha za kununua, fungu lake lilipungua hadi karibu thuluthi. Na kampuni ya sukari ya Mumias, iliyowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, ni somo ambalo wakulima wa miwa hawahitaji kufundishwa.

Siku hizi neno jipya ni betri. KenGen ina mpango wa kuweka betri za megawati 100 kwa ufadhili unaopitia Benki ya Dunia, na sababu ni nzuri: usiku watu wakilala, mvuke wa Olkaria huachiliwa bure hewani. Lakini teknolojia nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili. Huko Uskochi, mradi wa MeyGen umekuwa ukivuna umeme kutoka mikondo ya maji ya bahari kwa mitambo minne, megawati 6, na mitambo inafanya kazi. Kampuni mama, ambayo pia iliingia kwenye betri, iliuza hisa London mwaka 2014 kwa peni 94. Miaka kumi baadaye zilikuwa za peni moja moja, kwa uzito wa madeni. Bahari haikukosa kupwa na kujaa hata siku moja.

Ukishasoma yote hayo na bado unataka, fungua akaunti ya kuhifadhia hisa, CDS, kupitia dalali au benki iliyo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mtaji, CMA. Kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya akaunti vinatosha kuanzia. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja. Zamani ilikuwa lazima 100. Ada ni takriban asilimia 2 unaponunua na nyingine kama hiyo unapouza, kwa hiyo kununua leo na kuuza wiki ijayo ni kumfanyia dalali kazi. Usitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa ndiye anayeendesha kundi la WhatsApp. Dalali akifilisika, kama ilivyotokea kwa Nyaga Stockbrokers mwaka 2008, kuna mfuko wa fidia, lakini kikomo chake ni shilingi 50,000. Hauhusiki na hisa kushuka bei.

Na kabla hujanunua mpya, fungua lile sanduku la mzee. Wengi katika vilima hivi walinunua KenGen 2006 na Safaricom 2008, wakahama namba za simu, wengine wakafariki. Gawio lisilochukuliwa hatimaye hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Piga *361#, weka namba ya kitambulisho cha marehemu, utaambiwa kama kuna kitu.