Pikipiki Kuukuu: Matengenezo ya Kawaida Yafanywe Lini?

Pikipiki mpya huja na kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho humweleza mwenye chombo ni lini amwage oili, ni lini akaze mnyororo na ni lini asafishe chujio la hewa. Pikipiki kuukuu mara nyingi haina kitabu. Imekwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu, mita yake imekufa, na anayeinunua huambiwa maneno mawili tu: "Injini nzima." Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mmiliki na dereva wa chombo cha namna hiyo, awe ni wa bodaboda, mkulima anayepeleka mazao gulioni au mtumishi anayekwenda kazini. Lengo lake ni kumwezesha kujibu swali moja: matengenezo ya kawaida yafanywe lini?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: yafanywe kwa hesabu iliyowekwa mapema, kabla dalili yoyote haijaonekana. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu ya jibu hilo na namna ya kuipata hesabu yenyewe, hata kwa chombo kisicho na kitabu wala mita.

Kwa nini dalili huchelewa

Madereva wengi huongozwa na masikio: pikipiki ikilia vibaya, ipelekwe kwa fundi. Kanuni hiyo yaweza kutosha kwa taa iliyoungua au waya wa klachi uliokatika. Kwa injini haitoshi. Katika pikipiki nyingi za silinda moja zinazotumika nchini, oili ileile hulainisha injini, hulainisha giaboksi na huogesha klachi. Ujazo wake ni mdogo, takribani lita moja, na injini yenyewe hupozwa kwa upepo tu. Oili hiyo inapochoka kwa joto, vumbi na chembe za chuma, pikipiki huendelea kuwaka asubuhi na kupanda mlima kama ilivyofanya jana. Sauti inapobadilika, chuma kimekwisha kusagana na chuma, na oili mpya haiwezi kurudisha kilicholika.

Valvu zinatoa mfano ulio wazi zaidi. Valvu zilizolegea hugonga, na kila apitaye husikia. Zilizokaza hunyamaza. Dereva hufurahia utulivu wa injini, kumbe valvu haifungi sawasawa, na gesi ya moto inapita ukingoni mwake na kuiunguza. Ndiyo maana nafasi ya valvu hupimwa kwa ratiba, injini ikiwa imepoa, hata kama hakuna mlio wowote.

Vipimo vitatu vya kuamua

Muda wa matengenezo huamuliwa na vipimo vitatu: umbali uliokwendwa, muda uliopita na mazingira ya matumizi. Umbali na muda huhesabiwa pamoja, na kitakachotangulia kufika ndicho kifuatwe. Mazingira magumu huvifupisha vyote viwili.

Tuchukue pikipiki mbili za aina moja na umri mmoja, na tuseme kitabu cha aina hiyo kinaelekeza oili imwagwe kila kilomita 3,000. Ya kwanza ni ya bodaboda mjini. Hukimbia kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani kilomita 720 kwa wiki. Kwa kitabu, ingemwagwa oili baada ya wiki nne na siku chache. Lakini chombo hiki husimama kwenye foleni juani huku injini ikiwaka, huondoka na kusimama mara nyingi kwa saa, na hubeba abiria na mizigo. Hayo ni mazingira magumu, ambayo kwa kawaida vitabu vya maelekezo huagiza muda ufupishwe kwayo. Kwa chombo kuukuu tunashauri kupunguza angalau theluthi moja. Hivyo oili imwagwe kila kilomita 2,000, yaani kabla wiki tatu hazijatimia.

Ya pili ni ya mwalimu kijijini. Nyumbani hadi shuleni na kurudi ni kilomita 8, siku tano kwa wiki, yaani kilomita 40. Akihesabu umbali peke yake, atasubiri karibu mwaka mzima kuzifikia hizo kilomita 2,000. Hata hivyo, safari ya kilomita nne haipashi injini joto la kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani yake. Unyevu huo, pamoja na petroli isiyoungua, huchanganyika na oili na kuiharibu. Mwalimu huyu afuate kalenda: amwage oili kila baada ya miezi sita, ingawa atakuwa amekwenda kilomita 1,000 hivi tu.

Asiye na kitabu aombe nakula ya maelekezo kwa wakala wa aina ya pikipiki yake. Akiikosa, achukue maelekezo ya pikipiki ya aina hiyohiyo na ujazo uleule wa injini, kisha ayafupishe kama tulivyoeleza. Umri wa chombo usiwe sababu ya kurefusha muda.

Mita ikiwa imekufa

Kutengeneza mita ndilo jambo bora, na mara nyingi kilichokatika ni waya wake tu. Wakati hilo halijafanyika, petroli inaweza kuwa mita. Jaza tangi mpaka juu, nenda umbali unaoujua kwa hakika, kwa mfano kwenye barabara kuu yenye vibao vya kilomita, kisha ujaze tena mpaka palepale. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tuseme umepata kilomita 40 kwa lita. Kilomita 2,000 ni sawa na lita 50. Ukitumia lita tatu kwa siku, siku ya kumi na saba ya kazi ndiyo siku ya kumwaga oili.

Andika lita, usiandike shilingi. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na fedha ileile haiwezi kununua petroli ileile mwaka mzima. Daftari la shule linatosha: tarehe, lita, na jumla inayopanda. Oili ikimwagwa, piga mstari na uanze upya.

Siku ya sifuri

Aliyenunua pikipiki iliyotumika asikubali historia ya mdomo. Achague siku moja iwe siku ya sifuri, na siku hiyo afanye yale yote ambayo hana uthibitisho kwamba yalifanyika: oili imwagwe na chujio lake lisafishwe au libadilishwe, chujio la hewa lisafishwe kama ni la sponji, au libadilishwe kama ni la karatasi, plagi ikaguliwe, nafasi ya valvu ipimwe, mnyororo na sproketi zitazamwe pamoja, na mafuta ya breki ya diski, kama ipo, yabadilishwe, maana hufyonza unyevu hata chombo kikiwa kimeegeshwa. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Gharama ya siku hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kununulia chombo. Mnunuzi anayemaliza fedha zote kwa muuzaji hujikuta akiendesha pikipiki ambayo hajui lolote juu yake.

Yasiyongoja ratiba

Yako mambo ambayo hukaguliwa kila siku au kila wiki, kwa sababu kuharibika kwake huhatarisha maisha ya dereva, abiria na mpita njia. Upepo wa tairi na ubana wa breki ni wa kila asubuhi. Breki nyingi za dramu zina mshale kwenye gurudumu: ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama, pedi zimekwisha. Tairi huchoka kwa umri pia, hata kama kashata zake bado zipo. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikionyesha nyufa, ibadilishwe.

Kiwango cha oili kipimwe angalau mara moja kwa wiki, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Injini kuukuu huweza kula oili kati ya sevisi mbili, na ikipungua iongezwe. Lakini kuongeza si kumwaga: oili mpya iliyochanganywa na iliyochoka haianzishi hesabu upya.

Nani alipe

Hapa ndipo matengenezo mengi hukwama. Dereva anayepeleka hesabu kila siku huona kwamba oili ni jukumu la mmiliki, kwa kuwa chombo ni chake. Mmiliki naye huona kwamba ni jukumu la dereva, kwa kuwa ndiye anayekitumia. Kila mmoja akimngoja mwenzake, injini hufa, na hapo mmoja hupoteza mtaji na mwingine hupoteza riziki. Katika pikipiki ya mkataba, ambayo dereva atakabidhiwa mwishoni, hasara ni yake maradufu: anayeahirisha sevisi leo anakichosha chombo kitakachokuwa chake kesho.

Tunashauri makubaliano yaandikwe yakitaja mambo matatu: nani ananunua oili na vipuri vya kawaida, kila baada ya kilomita au siku ngapi, na iwapo siku ya sevisi dereva anadaiwa hesabu kamili. Jambo la tatu husahaulika, nalo ndilo humfanya dereva akwepe gereji. Gharama nayo yaweza kutengwa kidogo kidogo. Ikiwa sevisi ya kila siku 16 za kazi inagharimu, kwa mfano, shilingi 16,000, ni shilingi 1,000 kwa siku. Anayeona fedha hiyo ni nyingi amwulize fundi wake bei ya kufungua injini na kubadilisha pistoni na ringi, kisha aongeze siku ambazo chombo kitalala gereji bila kuingiza chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haki zako dukani na kwa fundi

Ratiba nzuri haina faida ikiwa kilichotiwa kwenye injini si oili. Nunua chupa iliyofungwa, na ifunguliwe mbele yako. Hakikisha imeandikwa kuwa ni ya pikipiki: alama ya JASO MA huonyesha kwamba inafaa kwa klachi inayoogea oili, ilhali baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Unene wake uwe ule uliotajwa na mtengenezaji. Chupa tupu iharibiwe kabla hujaondoka, isije ikajazwa tena.

Mwombe fundi akuonyeshe kipuri kilichotolewa. Dai risiti yenye tarehe, kazi iliyofanyika na kilomita, na uibandike kwenye daftari lako. Risiti hiyo ni ushahidi wako kukitokea mgogoro, na ni thamani yako siku utakapouza chombo. Ukishuku kuwa umeuziwa bidhaa bandia, hifadhi chupa na risiti, na utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC). Bidhaa yenye mashaka ya ubora iripotiwe kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Ukomo wa matengenezo ya kawaida

Ikiwa unaongeza oili mara kwa mara na moshi wa bluu unatoka, ratiba peke yake haitakusaidia tena. Usiufiche ugonjwa huo kwa oili nzito zaidi. Pata makadirio ya matengenezo makubwa kutoka kwa mafundi wawili, uyalinganishe na bei ya chombo sokoni, kisha uamue kama utatengeneza au utaachana nacho. Anayeuza amweleze mnunuzi hali halisi.

Maswali ya kujipima

1. Pikipiki yako ilimwagwa oili lini, na imekwenda kilomita au imetumia lita ngapi tangu siku hiyo? Kama hujui, siku yako ya sifuri itakuwa lini?

2. Kati ya umbali na muda, ni kipi kitakachotangulia kufika kwa matumizi yako?

3. Je, makubaliano yako na mmiliki au dereva yanataja nani anayelipia sevisi na nini kinafanyika siku hiyo?

4. Mara ya mwisho uliponunua oili, chupa ilifunguliwa mbele yako?