Hamu ya Sigara Ina Saa na Mahali Pake: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kitengela na Magadi

Kuacha sigara kwa kuhamia vepu ni jambo linalozungumzwa sana Kitengela siku hizi, na mengi yanayosemwa hutoka kwa wauzaji. Mtu huambiwa anunue kifaa, avute mvuke badala ya moshi, na mambo yaishe. Haelezwi habari za alfajiri kabla ya chai, wala za ile nusu saa baada ya ugali. Mimi nilivuta sigara tangu ujana. Nilihama nikiwa fundi wa mkataba, makazi yangu Kitengela na kazi yangu ya zamu Magadi. Nayaandika haya kwa mtu anayevuta sigara sasa na amechoka nayo. Asiyevuta chochote hana sababu ya kugusa vepu, na hilo nitalirudia mbele.

1. Hamu hupanda, kisha hushuka

Hamu inapokushika unaamini itakukaba mpaka uwashe sigara. Sivyo. Mara nyingi hukaa dakika tatu hadi tano, kisha hulegea, uwe umevuta au hukuvuta. Taabu ya siku za mwanzo ni kwamba moja haijaondoka vizuri na nyingine imebisha hodi. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na mwili uliozoea kujazwa huidai. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito zaidi. Baada ya wiki tatu au nne arosto, yaani taabu ya mwili unaokosa nikotini, huwa imetulia kwa sehemu kubwa.

Basi kazi yako ni kuvuka dakika tano, na kuzivuka tena baadaye. Nikiwa kazini Magadi nilitoka karakana, nikatembea hadi kwenye tangi la maji, nikanywa kikombe kizima polepole, nikarudi. Mara nyingi nilipofika tena kwenye kazi yangu hamu ilikuwa imepoa.

Kuna jambo ambalo wageni wa vepu wanapaswa kulijua mapema. Moshi wa sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Vepu nyingi huchelewa kidogo. Mtu anavuta mvuke mara mbili, hasikii lolote, anasema kifaa ni bure na anarudi kwenye sigara yake ya Sportsman. Vuta taratibu, pumzika, upe muda.

2. Ijue ramani ya hamu zako

Hamu zangu zilikuwa na anwani. Ya kwanza ilinisubiri stendi ya Kitengela, kabla ya gari kujaa. Nyingine Isinya, tunapoiacha barabara ya Namanga na kushika ile ya Kiserian. Kubwa kuliko zote ilikuwa Kona Baridi, pale ambapo barabara ya Magadi inaanza kuteremka na Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Kila dereva niliyesafiri naye alisimama pale, na kila aliyeshuka aliwasha. Kisha lango la kazini, kisha baada ya chakula, kisha usiku ambapo joto la Magadi halikuachi ulale na rafiki wa kukesha naye ni pakiti.

Nilipoziandika kwenye kikaratasi niliona kwamba chache kati ya hizo zilitokana na upungufu wa nikotini peke yake. Nyingi zilitokana na mkono uliozoea kushika kitu, na jicho lililozoea kuona mahali fulani. Vepu inaweza kumlisha mtu nikotini. Haiwezi kumwondolea Kona Baridi. Pale nilimwomba dereva tuendelee hadi Olepolos, tunywe chai huko, na kwa kuwa alikuwa mtu muungwana alikubali.

Kioski nacho kina sehemu yake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti ya angalau sigara kumi, lakini kila mtaa wa Kitengela una kioski kinachouza moja moja, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba dirishani. Mtu aliyeacha jana hahitaji pakiti ili aanguke. Anahitaji moja tu, na bei yake ni chenji iliyobaki mfukoni. Nilimwendea mama wa kioski cha karibu na kwetu.

"Mama, nakuomba. Nikija kuulizia fegi, niambie zimeisha."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika, Mama. Niuzie peremende ya Patco."

Alinishikia neno. Nashauri kila anayehama amtafute mtu mmoja wa namna hiyo, na amwombe waziwazi.

3. Nikotini ikipungua mno, sigara itakuita

Kwamba nguvu ya nikotini hutegemea namna ilivyoandaliwa, nilifundishwa na Magadi yenyewe. Wazee wengi wa Kajiado hawavuti sigara, hunusa ugoro au huweka tumbaku mdomoni, na tumbaku hiyo huchanganywa na magadi yanayotoka Ziwa Magadi. Niliwahi kukaa chini ya mgunga na mzee mmoja wa Kimaasai akisaga yake.

"Mzee, magadi ni ya nini?"

"Tumbaku bila magadi imelala, kijana wangu. Magadi ndiyo huiamsha."

Kemia inakubaliana naye kabisa. Magadi ni alkali. Nikotini ikikutana na alkali huachana na asidi iliyoshikamana nayo kwenye jani, na ikiwa huru hivyo hupenya utando laini wa pua na wa kinywa kwa haraka zaidi. Wenyeji walilijua hilo kwa mikono yao muda mrefu kabla ya kampuni ya magadi kuanzishwa mwaka 1911 na reli kujengwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwani.

Vepu nyingi za siku hizi hufuata njia ya kinyume. Nikotini hutiwa asidi ili mvuke usikwaruze koo, na kwa kuwa haukwaruzi, kiasi kikubwa hupita bila mvutaji kushtuka. Zile za kutumia na kutupa mara nyingi huandikwa asilimia 5, yaani miligramu 50 hivi katika kila mililita. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza kikomo cha kisheria ni miligramu 20. Kwa hiyo soma kilichoandikwa kabla ya kusoma jina la tunda lililochorwa juu yake.

Aliyekuwa akiwasha sigara ya kwanza kabla hajanawa uso atateseka akianza na nikotini hafifu, na mateso hayo ndiyo yatamrudisha kioskini. Aanze na kiasi kinachomtosha. Kichwa kikizunguka, kichefuchefu kikija au moyo ukienda mbio, amezidisha: aiweke kando na baadaye ashuke daraja moja. Mwongozo huu wa mwili ulinisaidia kuliko ushauri wowote wa dukani.

4. Sigara moja ya jioni si ndogo

Wengi niliowaona wakihama walibaki katikati: vepu mchana, sigara moja usiku "ya kufungia siku". Nafsi huhesabu kwamba ukitoka sigara ishirini hadi moja umeondoa karibu hatari yote. Moyo na mishipa havihesabu hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, ulikusanya takwimu za tafiti nyingi na kuonyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo anayevuta ishirini.

Tena hiyo moja huiweka hai ramani nzima niliyoieleza juu. Kila usiku unaikumbusha akili kwamba moshi bado upo, na kesho yake hamu inaamka na nguvu zake. Mimi nasema hama kabisa. Siku utakayohama, pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu vitoke nyumbani siku hiyohiyo.

5. Punguza chai ya rangi na kahawa

Hili watu hawaelezwi. Moshi wa sigara una kemikali zinazolifanya ini livunje kafeini kwa kasi. Kazi hiyo hufanywa na moshi, si nikotini, kwa hiyo hata anayetumia vepu huipoteza. Ukiacha moshi na kuendelea na vikombe vilevile, kafeini hubaki mwilini muda mrefu zaidi: mikono hutetemeka, usingizi hukatika, hasira hupanda. Mtu hudhani ni arosto, kumbe sehemu yake ni chai. Nilipunguza vikombe vya mchana, na usiku nikaanza kulala.

6. Miraa na muguka

Nitasema kwa ufupi. Anayetafuna miraa au muguka huku anajaribu kuacha sigara anajitwika mizigo miwili. Vikao vya muguka Kitengela vinaenda na sigara tangu mwanzo hadi mwisho. Kaa mbali navyo katika wiki za mwanzo, hata kama wenzako watanuna.

7. Magadi ni joto, na kifaa ni betri

Mchana wa Magadi hukaribia nyuzi 40. Betri ya vepu ni ya lithiamu kama ya simu, na kuiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni kutafuta moto. Maji ya vepu yenye nikotini nayo huwa mepesi kwa joto, yakavuja na kulowesha mfuko. Nilibeba kifaa kimesimama, kwenye mfuko wa kitambaa, mbali na jua.

Halafu kuna umbali. Kitengela unaweza kupata koili mpya, yaani kile kipande kinachopasha maji ya vepu, au chupa nyingine ya maji hayo jioni hiyohiyo. Magadi usitegemee hilo. Utakalopata kwa hakika ni sigara. Kifaa kikiishiwa chaji katikati ya zamu, hamu haitasubiri umeme urudi. Kabla ya kila safari nilihakikisha nina chaji ya akiba, koili ya pili na maji ya vepu ya kutosha hadi siku ya kurudi. Koili ikianza kutoa ladha ya kuungua, ibadilishe papo hapo. Na kunywa maji mengi: mvuke hukausha kinywa, na kinywa kikavu hufanana sana na hamu.

8. Jipangie njia ya kutoka

Vepu si dawa wala si hewa safi. Moshi wa tumbaku inayoungua ndio wenye lami na hewa ya kaboni monoksidi, na kuachana nao ni faida ya kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba vepu zina madhara yake, na madhara ya miaka mingi bado hayajaonekana yote, kwa sababu vifaa vyenyewe ni vipya.

Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa wavutaji 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa bidhaa kama vile ubandiko na bazoka za nikotini. Makundi yote mawili yalipata mshauri wa ana kwa ana kila wiki mwanzoni, na hilo lisisahaulike. Ila kati ya walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Wale wa bidhaa nyingine waliobaki nazo walikuwa asilimia 9.

Kwangu mimi takwimu hizo zinasema kwamba njia hii inafanya kazi, na kwamba ina mlango mwembamba wa kutokea. Mara tu miezi ya kwanza ilipopita bila moshi nilianza kushuka, daraja moja la nikotini kwa wakati, na nilisubiri mwili utulie kabla ya kushuka tena. Asiyetaka vepu kabisa anaweza kuuliza ubandiko au bazoka ya nikotini kwa mfamasia. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na ningependa kuona hospitali zetu za kaunti zikiwa nazo kama zilivyo na dawa za malaria.

9. Watoto na vijana kwanza

Maji ya vepu ni sumu yakimezwa, na yananukia kama peremende. Yakae juu, mahali pa kufungwa, kama unavyoficha dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Na kwenu vijana wa Kitengela ambao hamjawahi kuvuta: kifaa hiki kilinifaa kwa sababu nilikuwa tayari mateka wa nikotini. Kwako wewe kitakuwa mwanzo wa utumwa ambao mimi nilikuwa nautoroka. Ndugu zangu wauzaji, sheria ya 2007 inawakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Mkatalieni na vepu pia.

Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana nambari ya simu isiyolipishwa: 1192.